Nzuri, ila…

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri zetu nane, na waheshimiwa wabunge na madiwani

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine: habari za kazi?

Bila shaka mmejibu "nzuri". Hata kama jana hamkulala, hata kama mezani kuna barua ya ukaguzi inayowaumiza kichwa, mmejibu nzuri, maana ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaweza kuwa msibani, ameketi kwenye mkeka, macho yamevimba, ukimwuliza habari za hapa atakwambia nzuri. Kisha ndipo aseme, "ila tumefiwa."

Nimeanza na salamu kwa sababu ndiyo inayonipa ugali. Mimi ni mdodosaji. Kwa zaidi ya miaka kumi nimezunguka mkoa huu na begi mgongoni, zamani nikibeba madodoso ya karatasi, siku hizi kishikwambi, nikiwauliza watu maswali yaliyotungwa na watu wengine. Mikataba yangu ni ya wiki tatu, wiki mbili, mara nyingine siku tano, kwa taasisi ambazo sitazitaja. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Nimeulizia maji, vyoo, vyandarua, rushwa, bei ya sembe, uchaguzi, na kama watu wanawaamini polisi. Ninyi mnasoma majibu yakiwa yamepangwa kwenye chati zenye rangi. Mimi nilikuwepo yalipokuwa yanatoka mdomoni, na ninawaandikia kwa sababu ya hiyo "ila", ambayo kwenye chati haimo.

Swali la kawaida kwenye utafiti wa maoni linakuwa hivi: kwa ujumla unaionaje huduma ya maji katika eneo lako? Nzuri sana, nzuri kiasi, mbaya kiasi, au mbaya sana? Sijawahi kusikia mtu kijiweni akisema jambo fulani ni "mbaya kiasi", lakini tuliache hilo. Shida ni kwamba mtu wa kwetu akisikia swali hilo, anasikia salamu. Umefika mgeni, umevutiwa kigoda, pengine umeletewa na maji ya kunywa, halafu unauliza mambo yanaendaje. Anakujibu kama anavyomjibu mgeni. Nzuri. Kisha anavuta pumzi aseme "ila", na wakati huo kidole changu kimeshagusa kioo, swali la 14 limepita, la 15 limefunguka.

Kwenye mafunzo tunaambiwa tusome swali neno kwa neno, tusiongeze, tusifafanue, tusitikise kichwa. Nakubaliana nao. Kila mdodosaji akiuliza kwa maneno yake, mwisho wa siku tutakuwa tumelinganisha wadodosaji, siyo wananchi. Ila (mnaona?) utaratibu huo unamfaa mtu ambaye jibu lake linaanza na neno la kwanza. La kwetu linaanza na neno la pili.

Niwape mfano. Mwaka mmoja niliangukiwa na mtaa wa mawe hapahapa jijini. Sitautaja, na anayeijua Mwanza anajua mitaa hiyo ni mingi: nyumba zimeng'ang'ania majabali, ngazi ni mawe yenyewe, bodaboda anakushusha chini barabarani na kukutakia heri. Kanuni yetu ni kuanzia mahali palipopangwa, kuhesabu nyumba, na kuingia ile iliyoangukiwa na namba, hata iwe wapi. Yangu ilikuwa juu kabisa. Mdodosaji mvivu angehesabu za barabarani tu, na wapo wanaofanya hivyo, ndiyo maana wakati mwingine Mwanza kwenye matokeo inaonekana tambarare.

Kiongozi wa mtaa alisisitiza kunisindikiza. Jua kali, naye ana mwili, lakini alipanda nami, akipumzika kwenye kila jiwe lenye kivuli. Tulipofika akavuta benchi akakaa, kama hatua tatu kutoka nilipokaa na mama mwenye nyumba. Mama alikuwa na ungo wa dagaa mapajani, anaondoa kokoto. Nikasoma swali la maji.

"Nzuri sana," akasema, bila kuinua uso.

Palepale binti yake, wa darasa la tano au la sita hivi, akaibuka kwenye ngazi na dumu la lita 20 kichwani. Shingo imekakamaa, miguu peku inatafuta jiwe la kukanyaga. Akatua, akachukua dumu jingine tupu, akashuka. Mahojiano yalichukua kama dakika 50, na kwa muda huo alipanda mara tatu. Mara ya tatu simu ya kiongozi ikaita, akasogea pembeni kutafuta mtandao. Mama akaweka ungo chini, akaniinamia.

"Mwanangu, andika hivyohivyo nzuri sana. Wewe ukishaondoka, mimi nabaki naye."

Nikaandika nzuri sana. Kanuni ndiyo inavyosema, unaandika jibu ulilopewa. Huko mbele jibu lake likajumlishwa na mengine, likawa sehemu ya asilimia fulani, na huenda mmoja wenu aliisoma jukwaani watu wakapiga makofi. Yale madumu matatu hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Yule kiongozi simlaumu sana. Mdodosaji asiye na mwenyeji anaweza kupata balaa. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Tangu hapo kila nikishuka kwenye gari kijijini, kitu cha kwanza ni ofisi ya mtendaji, barua, muhuri, kitabu cha wageni. Barua yenyewe imeshapita mkoani, wilayani, halmashauri na kata, imejaa mihuri kama pasipoti ya mfanyabiashara wa Guangzhou. Sipingi. Ninachoomba ni kwamba utambulisho uishie mlangoni. Mwenyeji aseme "huyu ni mgeni wetu, msikilizeni," kisha arudi ofisini kwake. Agizo hilo halihitaji bajeti. Ni barua ya nusu ukurasa kutoka kwa wakurugenzi kwenda kwa watendaji wa kata na mitaa, na ingebadilisha takwimu za mkoa huu kuliko vishikwambi vipya mia.

Kuna utafiti wa Afrobarometer, ambao umekuwa ukifanyika Tanzania tangu 2001, na kwa miaka mingi umesimamiwa hapa nchini na taasisi ya utafiti ya REPOA. Mwisho wa dodoso lake kuna swali nilipendalo kuliko yote: unadhani ni nani ametutuma kuja kukuhoji? Mdodosaji ameshajitambulisha mwanzoni kwamba hatumwi na serikali wala chama chochote. Pamoja na hayo, wengi wakiulizwa husema: serikali. Waliochambua majibu hayo katika nchi mbalimbali za Afrika wamekuta kwamba anayedhani mbele yake ameketi mtu wa serikali huwa mpole zaidi, anaisifu zaidi, na maswali mengine huyakwepa. Kwa hiyo mnapoletewa asilimia ya wanaoridhika, kuna kipande ndani yake ambacho ni heshima tu, na kuna kipande ambacho ni woga. Mimi nikiwa pale juu ya mawe naweza kuvitofautisha. Chati haiwezi.

Najua wapo kati yenu wasioamini utafiti kabisa. "Watu 2,400 watawasemeaje Watanzania milioni 61?" Nimewahi kuulizwa hivyo na diwani, tena kwa hasira. Nilimwambia aende kwa wauza mchele. Mnunuzi wa gunia la mchele wa Magu halimwagi gunia chini. Anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, juu, anachoma katikati, anachoma chini, anapata kiganja kimoja, anatafuna punje mbili tatu, anajua kama umechanganywa chenga au umevunwa ukiwa mbichi. Kiganja hicho kinalitosha gunia, na kingeutosha hata mzigo wa lori, mradi bambo limefika kila upande. Anayechota juu tu ameliwa, maana hakuna muuzaji asiyejua kupamba juu.

Wamarekani walilipia somo hili mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba katika uchaguzi wa rais Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa mawili. George Gallup, aliyeuliza watu wapatao 50,000 tu, alikuwa ametabiri mshindi sawasawa. Majina ya kupelekewa kadi yalitolewa kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katikati ya miaka ile ya dhiki ya uchumi, wakati maskini hakuwa na simu wala gari. Halafu waliorudisha kadi wenyewe walikuwa wale waliowashwa na jambo. Nakikumbuka kisa hicho kila nikisikia kiongozi anasema "tumewauliza wananchi kwenye grupu," au anapohesabu mikono kwenye mkutano wa hadhara. Mwenye genge, mama lishe, mvuvi aliyerudi alfajiri, hao saa nne asubuhi siku ya kazi hawako mkutanoni.

Kuna kosa lingine ambalo linafanyika kwa nia njema kabisa, na hili nalisema kwa maafisa mipango. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na mkoa wetu watu 3,699,872. Sisi ni kama asilimia 6 ya nchi. Utafiti wa kitaifa ukiuliza watu 2,400, fungu letu ni watu 144 hivi. Hesabu ya haraka ya kukadiria kosa ni kugawa moja kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Kipeuo cha pili cha 144 ni 12, na moja gawanya kwa 12 ni kama asilimia 8. Kwa nchi nzima kosa ni asilimia 2 juu au chini, lakini kwa Mwanza peke yake ni 8 juu au 8 chini, na hapo hatujahesabu kwamba wanaohojiwa huchukuliwa kwa mafungu, wanane wanane katika eneo moja la kuhesabia watu. Wa Ukerewe katika hao 144 hawafiki 20. Sasa mtu akisimama na kusema "Mwanza wanaoridhika wamepanda kutoka asilimia 58 hadi 63," amewasomea bahati nasibu. Mkitaka kujua Mwanza inasemaje, fanyeni utafiti wa Mwanza, na mkitaka kujua Ukerewe, vukeni maji.

Mkivuka, angalieni mwezi kwanza. Hili halimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa, nimelijua kwa miguu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishakua, mwanga unatapakaa ziwani, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo kambi inapumzika. Ukifika kisiwani wakati wa giza, mchana utakuta wanaume wamelala fofofo, wanawake wako juani wanaanika na kugeuza dagaa, hakuna mwenye dakika 50 za kukupa. Utakayemkuta yuko macho, amekaa kivulini na simu mbili, ni tajiri, mwenye mitumbwi. Atakujibia yeye, kwa ukarimu mkubwa, na hata soda atakununulia. Ukifika wakati wa mbalamwezi utakuta kijiwe kimejaa, watu wanafuma nyavu, wanacheza bao, wana muda, na wana maneno. Ratiba za tafiti hupangwa kwa mwaka wa fedha. Sijaona hata moja iliyopangwa kwa mwezi wa angani.

Kwenye kambi moja nilimpata kijana wa miaka ishirini na kidogo, mbalamwezi, saa kumi jioni. Nikamsomea: katika miezi 12 iliyopita, wewe au mtu yeyote katika kaya yako mmewahi kukosa chakula cha kutosha? Akacheka. "Kaya ipi?" Yeye ni mzaliwa wa upande wa Mara, miezi minne yuko kisiwa hiki, miezi mitatu kile, anafuata dagaa wanakokwenda. Wanalala sita kwenye banda moja la mabati, wanakula chungu kimoja, deni la chakula analishika tajiri na kulikata kwenye mgao. Kwa dodoso, kaya ni watu wanaolala pamoja na kula pamoja, wana mkuu wa kaya. Basi mkuu wa kaya hapo ni nani? Tajiri, ambaye anaishi Nansio? Nilijaza kitu. Msimamizi wangu naye alikikubali kwa sababu mfumo haukulalamika. Lakini nawaambia kweli, watu kama yule wako maelfu kwenye mialo ya Ukerewe na Buchosa, wanawalipa ushuru kila wanapouza, na kwenye maoni ya mkoa hawapo au wapo kwa sura isiyo yao.

Lugha nayo. Dodoso ni la Kiswahili. Nikiwa Kwimba au Misungwi na mzee wa miaka themanini, nikishamaliza "mwangaluka" tunahamia Kisukuma, na hapo natafsiri kichwani huku nasoma kioo. Mwenzangu kijiji cha pili anatafsiri kivyake. Kule Ukerewe kuna Kikerewe, Kijita na Kikara. Hatujawahi kukaa mezani tukakubaliana neno moja la "kuridhika".

Na sisi tuna makosa yetu, nisijifanye mtakatifu. Tunalipwa kwa idadi ya madodoso. Kuna siku mvua ilinikuta Kwimba, mzee niliyekuwa namhoji akaondoka mbio kuokoa mbuzi wake, yakabaki maswali manne. Nikayajaza kwa kukisia. Kwetu tunaita kupika data, na mpishi huwa anajiona mjanja. Baada ya siku mbili msimamizi akapiga simu kuhakiki, mzee akasema maswali hayo hajawahi kuyasikia. Nikakatwa malipo ya dodoso lile, na nilistahili. Nalisimulia hili ili mjue uhakiki upo, na kazi hii ikisimamiwa vizuri mdanganyifu anakamatwa.

Simu zimesaidia. Asasi ya Twaweza, kwenye utafiti wake wa simu wa Sauti za Wananchi ulioanza kutoa matokeo 2013, walianza kwa kuzitembelea kaya kama 2,000 zilizochaguliwa kwa kura, wakazipa simu na chaja ya sola, kisha wakawa wanazipigia. Hapo hata asiyekuwa na simu alisikika. Ni ujanja ambao naupenda, ingawa ulinipunguzia safari.

Hao Twaweza ndio wananileta kwenye jambo ambalo sote tunalizungukazunguka. Julai 2018 walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba waliokuwa wakiridhishwa na utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Siku chache baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikawaandikia kuwataka wajieleze kuhusu kibali. Kabla mwezi haujaisha, mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, alikuwa ameshikiliwa pasipoti. Septemba mwaka huohuo Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa kosa kusambaza takwimu za kupotosha au kudhoofisha takwimu rasmi, na vifungu hivyo vikalegezwa Juni 2019.

Sitaki kufufua kesi ya watu wa Dar es Salaam na Dodoma. Ninachotaka mjue ni kilichotokea huku chini, ambako hakuna aliyesoma sheria yenyewe. Watendaji walianza kuogopa mihuri yao. Barua iliyokuwa ikigongwa asubuhi ikawa inalala siku tatu, "bosi hajafika." Wananchi wakawa wanauliza kabla ya salamu: hili swali halina kesi? Na nilivyoona mimi, majibu yakawa mazuri zaidi, "nzuri sana" nyingi kama mchanga. Fikirini hapo. Rais aliyepewa asilimia 55 angalau alikuwa amepewa kitu cha kufanyia kazi, maana bado zaidi ya nusu walikuwa naye na waliobaki walikuwa na sababu. Asilimia 96 ilimpa nini cha kufanyia kazi?

Nchi hii iliwahi kuisikiliza "ila", tena kwenye jambo kubwa kuliko maji ya bomba. Februari 1991 Rais Mwinyi aliteua tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza Watanzania kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Karibu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Kwa hesabu ya kawaida, kazi imekwisha, funga faili, nendeni mkapumzike. Lakini tume ilisoma na yaliyofuata baada ya jibu. Wengi kati ya hao hao wanane walitaka mabadiliko makubwa katika namna nchi ilivyokuwa ikiendeshwa: walikuwa wakisema "chama kimoja ni kizuri, ila". Tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 sheria ikaanza kufanya kazi. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule mpaka kesho, na mjomba wangu wa Sengerema anabishana nao hadi leo. Mimi navutiwa na usomaji. Ile haikuwa hata sampuli ya kisayansi, ilikuwa watu waliojitokeza mikutanoni na walioandika barua, lakini walioisoma hawakuishia kwenye neno la kwanza.

Sasa ninachowaomba, mbali na ile barua ya nusu ukurasa.

Halmashauri inapotaka kupima huduma yake, isiwatume watoa huduma wenyewe kuuliza. Mhudumu wa zahanati akimwuliza mgonjwa kama anaridhika na zahanati, atapata jibu la mgonjwa anayetaka kurudi kesho. Wekeni kwenye kila dodoso walau swali moja la wazi, liandikwe kwa maneno ya mhojiwa na kwa lugha aliyotumia, na mkubali kumlipa mtu wa kuyasoma hayo maneno, maana hapo ndipo penye gharama na ndiyo maana hukatwa kwanza. Mkitangaza asilimia, tangazeni na idadi ya walioulizwa, na waliokataa kuulizwa. Waliokataa ni habari kubwa. Kuna mtaa nilikataliwa nyumba saba mfululizo, na hilo liliniambia kuhusu mtaa ule kuliko dodoso zima la nyumba ya nane.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mrudishe majibu.

Kule kisiwa cha Kome nilirudi kijiji kilekile baada ya miaka miwili, kazi nyingine, taasisi nyingine. Kura ikaangukia nyumba ya mzee niliyewahi kumhoji. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka, akanipa kigoda, akaniuliza habari za mjini, nikasema nzuri. Kisha akauliza: "Yale majibu yangu ya siku ile, yalifika?" Nikamwambia yalifika. "Yakasemaje?" Sikujua la kumjibu. Mimi mwenyewe sijawahi kuyaona. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, ikazinduliwa hotelini, na nakala ninayoijua mimi ni faili ambalo simu ya mzee yule haiwezi kulifungua. Alijibu maswali yangu yote kwa upole, saa nzima na ushee, na kila swali la huduma alisema nzuri kiasi. Hakuongeza "ila" hata mara moja. Mara ya kwanza alikuwa nazo nyingi, nazikumbuka, ya gati, ya dawa, ya mwalimu wa hesabu aliyehama. Safari hii alikuwa ameacha kuzisema.

Ofisi ya kata ya pale ina ubao wa matangazo. Niliukagua nikisubiri boti. Una orodha ya wapiga kura ya zamani iliyokaushwa na jua, tangazo la chanjo ya mifugo, tangazo la mnada, na karatasi ya mapato na matumizi ya robo mwaka iliyobandikwa kwa pini mbili. Upande wa chini kulia pana nafasi ya karatasi moja. Ninarudi huko mbalamwezi ijayo, na kigoda cha mzee nakijua kilipo.

Wenu katika kazi,

Mdodosaji
Mabatini, Mwanza